Jinsi ya kulitumia neno "loathe" bila kumtisha mtu: mwongozo kwa wenzangu wa Kigoma

Kiingereza cha Kigoma hakiishi darasani peke yake. Kiko Kibirizi pale boti zinapopakia wageni wa Hifadhi ya Gombe, kiko kwenye magari ya mashirika yanayopanda Kasulu kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kiko mapokezi ya hoteli na kwenye fomu za maombi ya kazi. Anayekitumia huko anajua kwamba maneno ya vitu hayasumbui sana. Boti ni boti, tiketi ni tiketi. Kinachosumbua ni maneno ya moyo, na mojawapo ni "loathe".

Ukifungua kamusi utakuta "chukia sana" au "chukizwa na". Si uongo, ila maelezo hayo mafupi yamezaa sentensi za ajabu. Mwanafunzi anataka kusema mama yake alichukia kwa sababu hakufua nguo, anaandika "My mother loathed because I did not wash the clothes". Kila neno amelitoa kwenye kamusi na bado sentensi haisimami. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, pamoja na waongoza watalii na wakalimani, ambao kwao neno likikosewa halikatwi maksi, linaharibu shughuli.

Hatua ya 1: Kipepete kwanza Kiswahili chako

Tatizo linaanzia kwetu. Kitenzi "kuchukia" kina kazi mbili, na tumezizoea kiasi kwamba hatuoni mpaka kati yake.

Mtu akisema "Baba amechukia", sote tunaelewa kwamba baba kanuna. Kuna jambo limemuudhi, pengine ng'ombe kaingia shambani, na kesho asubuhi atakuwa anacheka na hao hao aliowanunia. Lakini mtu akisema "Baba anamchukia jirani yake", hiyo ni habari nyingine. Hapo kuna chuki yenye mwenyewe, inayoweza kudumu miaka na kurithiwa na watoto.

Waingereza hawatumii neno moja kwa hali hizo mbili. Kwa ile ya kwanza watasema "angry", "upset", "annoyed", na Mwingereza wa Uingereza atapenda kusema "cross". Kwa ile ya pili ndipo wanapoingia "hate" na "loathe".

Jaribio la kwanza ni la kisarufi. Jiulize, huyu anachukia nani, au anachukia nini? Kama sentensi ya Kiswahili haina mtendwa, kama ni "amechukia" tupu, "loathe" haina pa kukaa, kwa sababu kitenzi hicho lazima kibebe mtendwa wake. Waingereza hawasemi "he loathes" wakanyamaza.

Jaribio hilo halitoshi, maana tunasema pia "amenichukia", mtendwa yupo, na bado tunamaanisha kanikasirikia. Ndiyo maana nawapa vijana ninaowafundisha jioni jaribio la pili: je, hili jambo likiombwa msamaha leo litaisha? Kama "samahani" na soda moja vinaweza kulimaliza, hiyo ni hasira. "Loathe" haimalizwi na soda.

Wakalimani wakae zaidi kwenye hatua hii kuliko wote. Mama anaeleza mbele ya daktari au askari: "Alichukia, akanipiga." Maana yake ni kwamba mwanamume alipandwa na hasira, akampiga. Ukitafsiri kwamba alikuwa "loathing her", umeingiza kwenye maandishi chuki ya muda mrefu ambayo mama hakuitaja, na atakayesoma faili hilo mwezi ujao ataamini kuwa aliitaja. Andika "He got angry and hit me". Kama unahisi kuna zaidi, muulize mwenyewe: alikuwa amekasirika siku hiyo, au hakupendi siku zote? Swali hilo ni fupi, na jibu lake ndilo linaloamua neno.

Hatua ya 2: Ongeza kinyaa

Wengi wanafikiri "loathe" ni "hate" iliyoongezwa sukari, kwamba ukichukia kidogo unasema "hate" na ukichukia mno unasema "loathe". Uzito kweli umeongezeka, lakini hata ladha imebadilika.

"Hate" inaweza kuwa ya moto. Mtu anamchukia adui yake, anamfuata, anapanga kumwangusha. "Loathe" ina chuki pamoja na kinyaa. Mwili wenyewe unakataa. Anayeloathe kitu hakifuati, anakaa mbali nacho, na kikisogezwa mbele yake anageuza uso. Kwa hiyo tafsiri ninazozipenda si "chukia sana", ni zile kauli tunazozitoa bila kufikiri: siwezi hata kumwona, sitaki hata kulisikia, moyo wangu umekikataa, nikikiona nasikia kichefuchefu.

Ushahidi wa ladha hiyo uko kwenye Biblia, na wanaokwenda kanisani wanaweza kuusoma wenyewe. Katika Hesabu 21:5 wana wa Israeli, waliokula mana mpaka wakachoka, wananung'unika jangwani. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ya mwaka 1611 inasema "our soul loatheth this light bread". Watafsiri wa Biblia yetu ya Union Version hawakuweka "inachukia sana". Waliweka kukinai: nafsi zetu zinakinai chakula hiki dhaifu. Walisikia kwamba neno hilo linatoka tumboni kabla ya kufika kichwani. Kwenye Mithali 27:7 Biblia hiyo hiyo ya Kiingereza inalitumia neno hilo kwa asali: aliyeshiba "loatheth an honeycomb". Ndugu zetu wa Tabora, ambao asali kwao ni kitu cha heshima, wanaweza kulipinga hilo wakitaka.

Kwa hiyo, kabla hujalitumia, angalia kama kinyaa kipo. Unaichukia timu pinzani kwa sababu inawafunga kila mwaka? Hapo "hate" inatosha, tena ya utani. Huwezi kukaa chumba kimoja na harufu ya samaki walioanza kuoza? Hapo "loathe" imefika nyumbani.

Linao ndugu pia, na heri uwajue ili usiwachanganye. "Dislike" ni kutopenda tu, bila kelele. "Can't stand" ni kutovumilia, nalo ni la mazungumzo ya kawaida na halimtishi mtu. Watu wengi husahau kwamba mara tisa kwa kumi hilo ndilo walilokuwa wanalihitaji. "Despise" lina dharau ndani yake. Kwa asili ya Kilatini ni kumtazama mtu kwa chini, na ukimdharau mtu si lazima akutie kinyaa. "Detest" linakaribiana sana na "loathe". Asili yake, Kilatini tena, ni kumlaani mtu huku ukimwita Mungu awe shahidi, lakini leo Mwingereza atalitumia hata kwa kabichi.

"Abhor" ndilo la kuangalia kwa makini. Limetokana na kusisimka, nywele kusimama na mtu kurudi nyuma, na lina undugu na "horror". Siku hizi linakaa zaidi kwenye mambo ya haki na dhamiri, na mfano mzuri uko hapa hapa kwetu. Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, aliporudi Ujiji mwaka 1871, kabla mwandishi wa habari Stanley hajamkuta, alikuwa ametoka kushuhudia mauaji ya watu sokoni Nyangwe, ng'ambo ya ziwa, yaliyofanywa na watu wa misafara ya watumwa. Ukieleza msimamo wake kwa mgeni unayempeleka kwenye jumba la kumbukumbu pale Ujiji, sema "Livingstone abhorred the slave trade". Ukisema "loathed" hujakosea. Ila "abhorred" inabeba hukumu ya dhamiri, na mgeni ataona unajua unachosema.

Hatua ya 3: Litamke, na usiliongezee irabu mkiani

Hapa Mswahili ana bahati ambayo Mfaransa na Mjerumani hawana. Sauti ya mwisho ya "loathe" tunayo kwenye alfabeti yetu. Ni "dh" ya dhahabu, dhambi na dhoruba. Tunayo pia dada yake, "th" ya thelathini na thamani.

Lakini tuseme kweli, sisi wa bara wengi tunaziandika bila kuzitamka. Tunasema "zahabu", tunasema "selasini", na mtu akisema gari lake halina "samani" unabaki kujiuliza kama anazungumzia bei au viti na makabati. Kwa Kiswahili muktadha unatuokoa. Kwa Kiingereza hautuokoi sana. "Loathe" ikiishia na "z" inakuwa neno jingine kabisa, na anayechanganya "l" na "r" juu ya hapo anaweza kusema "I rose", yaani nilisimama, wakati alikusudia kueleza kinyaa chake.

Fanya hivi. Anza na "lo", halafu kunja midomo kuelekea "u" bila kutua, iwe silabi moja: lou. Kisha toa ncha ya ulimi ikae kati ya meno ya juu na ya chini, upulize huku koo likitetemeka. Weka kidole kooni. Kama hakuna mtetemo, umetoa "th". Ukiusikia mtetemo, umepata: loudh. Simama hapo hapo. Ulimi wa Mswahili unataka kila neno liishe kwa irabu, kwa hiyo utajikuta unasema "loudhi". Ikatae hiyo "i".

Ukishaweza, jaribu "loathes" na "loathed". Ni ngumu kwa sababu konsonanti mbili zimegandana mwishoni, na hakuna njia ya mkato zaidi ya kurudia taratibu. Ukiwa kwenye daladala ya Ujiji kuja Mwanga, fanya kimoyomoyo, abiria wa pembeni asije akakuhurumia.

Tofauti hii ya "dh" na "th" inajirudia kwenye Kiingereza, kwa hiyo jasho lako halipotei. Jina linaishia na "th", kitenzi chake kinaongezewa herufi "e" na sauti inageuka kuwa "dh": "breath" ni pumzi na "breathe" ni kupumua, "bath" na "bathe", "cloth" na "clothe". Ukiona "e" mkiani, tetemesha koo. Karibu mara zote utakuwa sahihi.

Hatua ya 4: Jenga sentensi

Miundo ya kukutosha ni mitatu.

Wa kwanza ni rahisi, kitenzi na jina: "I loathe cold ugali." "She loathes snakes." Na hapa ugali uliopoa unastahili.

Wa pili ndio unaotuangusha. Baada ya "loathe" kitenzi kinachofuata huvaa "-ing": "He loathes waiting." Tatizo ni kwamba kwetu "kusubiri" ni umbo moja linalofanya kazi zote. Kusubiri kunachosha, nataka kusubiri, nachukia kusubiri, yote ni "ku-". Tumefundishwa mapema kwamba "ku-" ni "to", basi mkono unaandika wenyewe "He loathes to wait". Ukitaka kusema kwamba hupendi kufanyiwa jambo, tumia "being": "I loathe being shouted at." Sentensi hiyo jifunze kama ilivyo. Ukiajiriwa itakufaa.

Wa tatu ni wa mazoea ya watu: "I loathe it when people eat in bed." Ile "it" usiitafutie tafsiri ya Kiswahili, haina. Inashika nafasi tu.

Sasa makatazo. Usiseme "I am loathing". Kiambishi chetu "-na-" hubeba hali ya sasa na tendo linaloendelea, "nachukia" ni sasa hivi na ni siku zote, kwa hiyo tunavutwa kwenye "I am". Kwa kawaida Kiingereza huona "loathe" kama hali, si tendo, ndiyo maana husema "I loathe" peke yake.

Usiseme pia "I very loathe", na hata "I loathe very much" iache. "Sana" imo tayari ndani ya neno. Ukilazimika kukoleza, wenyewe hutumia "absolutely" au "utterly": "I absolutely loathe it." Katika mazungumzo utaisikia hivyo mara nyingi zaidi kuliko neno likiwa peke yake.

Hatua ya 5: Jihadhari na "loath", ndugu yake asiye na "e"

Ondoa "e" ya mwisho na umebaki na neno jingine, lenye kazi nyingine na tabia nyingine. "Loath" si kitenzi, ni kivumishi. Maana yake ni kusita, kuwa mzito, kutokuwa na moyo wa kufanya jambo. Hutamkwa kwa "th" ya thelathini, koo likiwa kimya. Na kinyume na kitenzi, lenyewe linataka "to" baada yake.

"The fishermen were loath to go out in that wind." Wavuvi walikuwa wazito kutoka na upepo ule. Hawakuuchukia upepo, hawakuwa na kinyaa na ziwa. Walisita tu, na walikuwa na akili.

Ukiweka "loathe" hapo, wavuvi wamegeuka kuwa watu wenye chuki na kazi yao. Kosa hili ni la dunia nzima. Waingereza na Wamarekani wenyewe huandika "loathe to" mara nyingi, utaikuta hata kwenye maandishi ya watu wenye vyeo. Usiige. Na ukiikuta kwenye barua pepe ya bosi wako, elewa kwamba anasita, usimsahihishe mbele za watu.

Maneno haya mawili yana mzizi mmoja wa Kiingereza cha kale, wakati huo likimaanisha kitu cha uadui na cha kuchukiza, na hata neno la Kijerumani la huzuni na maumivu, "Leid", ni ndugu yao. Moja likabaki na ukali wote, jingine likapoa mpaka likawa kusita. Kwenye kichwa chako yaweke hivi: "loathe" ni moyo umekataa, "loath" ni miguu mizito.

Hatua ya 6: Watoto wake wawili

"Loathing" ni jina, kinyaa chenyewe: "She looked at him with loathing." Mtazamo huo sote tumewahi kuuona kwenye harusi fulani. "Loathsome" ni kivumishi cha kitu au mtu anayetia kinyaa. Haina "e" katikati, lakini wengi huitamka kwa "dh". Mtu akiitwa "loathsome" ametukanwa, tena vibaya. Yatosha.

Hatua ya 7: Ukilisikia kwa mgeni, sikiliza sauti kwanza

Baada ya kueleza ukali wote huo, inabidi niseme kwamba wenyewe hulichezea. Mwingereza hupenda kutia chumvi kwenye mambo madogo. Atasema analoathe giligilani, analoathe kuamka mapema, analoathe kupigwa picha, na huku anatabasamu. Kwake hiyo ni sawa na sisi tunaposema "nitakufa kwa joto". Hakuna anayeita gari la wagonjwa.

Chukua mgeni anayetaka kwenda Gombe. Barabara hakuna, ni boti tu, kutoka Kigoma kuelekea kaskazini kando ya ziwa. Mmefika Kibirizi, mgeni anaiangalia boti na kusema, "Oh, I absolutely loathe boats." Mwongozaji asiye na uzoefu anaweza kudhani safari imevunjika, au kwamba boti yake imetukanwa. Usijitetee, wala usimpigie simu tajiri wako. Tazama uso. Kama anacheka na tayari anavua viatu, amekuambia tu kwamba atahitaji maneno ya kumtia moyo. Kama uso umepauka na anashika begi kwa nguvu, kuna jambo. Hapo usiulize "Why do you hate boats?", swali hilo linamweka kizimbani. Uliza "Do you get seasick, or is it the water that worries you?" Kichefuchefu na woga wa maji vina dawa tofauti: mmoja utamkalisha nyuma ambako boti haidundi sana, mwingine utamvalisha jaketi la kuokolea mapema na kumwambia mtasafiri karibu na ufuko.

Sikiliza pia linalofuata baada ya neno. Likifuatwa na chakula, hali ya hewa au foleni, mara nyingi ni chumvi. Likifuatwa na jina la mtu, sauti ikashuka, si chumvi tena.

Hatua ya 8: Mahali ambapo wewe usilitumie

Mezani kwa mwenyeji. Mgeni wa Kiingereza akikupikia kitu usichokiweza, kumwambia "I loathe this" ni sawa na kumwaga sahani. Sema "I'm not very fond of it", au "It doesn't agree with me", ambayo inamaanisha tumbo langu halipatani nacho. Na umfundishe mgeni wako kauli hizo hizo kabla hujampeleka kwa shangazi yako kula mgebuka na maharage ya mawese. Shangazi hajui Kiingereza, lakini uso atausoma.

Barua ya kazi na usaili. "I loathe laziness" imeandikwa na wengi kwa nia njema, na inamfanya msomaji ajiulize utakuwa mtu wa namna gani ukiwa msimamizi. Andika unachokipenda.

Kuhusu kabila, taifa au dini ya watu. Mkoa wetu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo mingi, na ukalimani wa maneno yao ni kazi ya kila siku kwa vijana wetu. Mtu akisema "watu wale siwapendi", tafsiri yake ni "I don't like those people". Usimpandishe kwenye "loathe" kwa sababu tu umeona machozi. Na akisema kweli kwamba hawezi hata kuwaona, usimshushe ili mkutano uende vizuri. Mkalimani hana mamlaka ya kupunguza chumvi kwenye chungu cha mwingine.

Hatua ya 9: Jipime

Funika jibu kwa kiganja, tafsiri kwanza, kisha soma.

"Mwalimu amechukia kwa sababu tumechelewa." Hakuna mtendwa, na kesho ataisha hasira: "The teacher is annoyed because we are late."

"Dagaa wabichi siwapendi kihivyo." Ile "kihivyo" inakuambia upole: "I'm not very fond of fresh dagaa." Dagaa waache na jina lao, mgeni alijifunze.

"Nachukia kuamshwa usiku." Kufanyiwa, si kufanya: "I loathe being woken up at night." Ukiweka "hate" pia ni sawa, na pengine ni bora kama unaongea na mtu mnayelala chumba kimoja.

"Moshi wa sigara ndani ya basi siwezi kuuvumilia." Hapa una ruhusa mbili. "I can't stand cigarette smoke on a bus" inafaa kumwambia kondakta. "I loathe cigarette smoke" inafaa ukiandika, ukiwa umeshashuka.

"Anasita kuuza shamba la marehemu baba yake." Kama umeandika "loathe", rudi hatua ya 5. "He is loath to sell his late father's farm."

"Bibi hataki hata kulisikia jina la mkwe wake." Hili nimeliacha la mwisho kwa sababu mpaka sasa lina majibu mawili. Kabla ya kuandika lolote muulize aliyelisema, huyo mkwe kafanya nini? Kama ni mahari haijamaliziwa, andika "Grandmother is still angry with her son-in-law", na wakilipana utabadilisha. Kama ni yale mambo ambayo familia huyazungumza mlango ukiwa umefungwa, andika "Grandmother loathes him", bila "absolutely".